Saa ya Mjomba

Saa nne asubuhi. Cherehani imenyamaza, nyundo iko chini, na fundi wa makochi ameketi sakafuni katikati ya karakana yake, miguu ameinyoosha. Mapajani mwake kimelala kichwa cha mbwa, kikubwa kama cha ndama, chenye manyoya ya kijivu yaliyo magumu kama brashi.

Mteja anachungulia mlangoni. "Fundi, kochi langu vipi?"

"Mjomba amekula sasa hivi," anajibu bila kuinuka. "Njoo saa tano."

Mteja anacheka na kuondoka. Fundi asiyesema "njoo kesho" hajazaliwa, lakini huyu ana sababu inayojulikana mtaa mzima.

Mjomba ni wa mbegu ya mbwa warefu waliokuzwa kuwinda mbwa mwitu. Akisimama, mgongo wake unamfika fundi kiunoni, na ana kilo sabini. Aliletwa angali mtoto na mke wa fundi, aliyekuwa mpishi kwenye nyumba ya watu waliokuwa wakihama.

"Nilimkuta kwenye kapu langu la nyuzi," anakumbuka fundi. "Nikauliza, huyu nani? Mke wangu akasema, mjomba wako, kaja bila taarifa na atakula kuliko wote."

Kweli alikula. Na kwa kuwa mwili mzito ukilala kwenye saruji huota vidonda viwikoni, fundi amemshonea magodoro manne. "Mteja pekee asiyebishania bei," anasema.

Kosa lilitokea mwaka wa pili. Siku hiyo fundi alikuwa amemaliza kazi kubwa, na kwa furaha akamkimbiza Mjomba uwanjani mara tu baada ya kula. Hakujua kwamba mbwa wa umbo lile akikimbia ameshiba, tumbo linaweza kujipinda.

"Likajaa kama ngoma," anasema. "Daktari alimpasua, akapona. Mama watoto akanipa vidonge vyangu mpaka nikatamani nilazwe mimi."

Kisha mke akatoa amri: Mjomba akishakula, saa nzima hakuna kuinuka, maana fundi akisimama, mbwa naye anasimama. Wakawa wanakaa sakafuni wote wawili, huyu huku na yule kule, mbwa katikati.

"Tulikuwa na miaka ishirini na miwili ya ndoa," anasema fundi. "Mazungumzo yetu yalikuwa kodi, ada, chumvi imekwisha. Ni hapo sakafuni nilipojua kwamba mke wangu aliwahi kutaka kuwa mwimbaji. Na kwamba harufu ya gundi yangu alikuwa haiwezi, amevumilia tu miaka yote hiyo."

Anacheka, halafu anafuta macho kwa kiganja. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita. Fundi aliendelea kukaa.

"Nina upweke, sikufichi. Saa hii ndiyo naona kama bado yupo."

Sasa Mjomba ana miaka minane, umri ambao wenzake wengi hawaufikii. Miguu ya nyuma imeishiwa nguvu. Fundi humwinua kwa mkanda mpana wa kochi anaoupitisha chini ya tumbo, na kila akiinuliwa mbwa hulia. Daktari amesema maumivu hayatapungua, akashauri sindano ya mwisho, alale asiamke tena.

Fundi aligoma wiki tatu. Jumapili iliyopita bintiye, ambaye ni muuguzi, alimuuliza: "Baba, unamshikilia kwa ajili yake, au kwa ajili ya mama?"

"Nilichukua simu nikampigia daktari," anasema fundi. "Aliyeuliza alikuwa analijua jibu."

Sindano itakuwa Ijumaa, hapahapa karakanani, juu ya godoro lake. Daktari alitaka kuja saa mbili. Fundi amemwambia aje saa tano, Mjomba awe amekula na kupumzika. Binti ameomba ruhusa kazini ili akae upande aliokuwa akikaa mama yake.

Na baada ya hapo?

"Anasema atakuja kila Ijumaa, hata kama mbwa hayupo. Akauliza anipikie nini." Fundi anapapasa sikio la Mjomba polepole. "Nimemwambia asilete kitu. Aje tukae."