Kitambaa Chekundu Begani

Talle, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege wa Sokoto, alimjua fundi yule kwa bega lake. Kila ndege ilipotaka kuruka, fundi alichomoa pini iliyoufunga mkia usitikiswe na upepo wa vumbi, akatupia begani kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye pini hiyo ili rubani akione. Na salamu hakuzikatiza kamwe, hata Alhaji, abiria wa kila wiki, alipozirefusha. "Nyumbani?" "Salama." "Vumbi?" "Tunalimeza." "Mbuzi je?" "Hawajambo, Alhaji," mkono kifuani.

Kwenye uchunguzi wa ajali iliyoua abiria wote, jaji aliweka mezani pini iliyokutwa bado mkiani, kitambaa kimeungua nusu. Fundi akapapasa bega.

"Ulisahauje?" jaji akamwuliza.

"Alhaji alinisalimia nikienda mkiani, bwana mkubwa, naye akielekea ngazini kupanda. Ningempaje mgongo?"