Baiskeli Iliyosimama Kwenye Zebra

Makokha amenoa visu mjini Nakuru miaka ishirini na miwili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumpita mtu anayengoja kuvuka kwenye zebra. Usicheke. Najua unavyowajua watu wa baiskeli: wanapenya kulia, wanapenya kushoto, na ukiwauliza sheria wanakuuliza sheria ni nini. Makokha si wa hivyo. Akitaka kukata kona ananyoosha mkono mapema. Kwenye raundabauti anawangoja wa kulia wapite kwanza, hata kama nyuma yake kuna mtu anayempigia honi mpaka masikio yanaziba.

Ugonjwa huo aliupata shule ya udereva. Alipotoka Kimilili ujanani alitaka kuendesha lori, basi akajifunza kwenye ile meza iliyochorwa mji mdogo, unasukuma gari la kuchezea huku ukisema kwa sauti: natazama kioo, natoa ishara, naingia. Mtihani wa meza aliupita vizuri sana. Lori lenyewe hakuliendesha, kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa bovu na daktari akakataa kutia sahihi. Akanunua baiskeli, akaifungia jiwe la kunolea, akaiendesha kwa heshima zote za lori. Akifika kwenye bucha anaisimamisha kwa stendi, anakaa juu yake na kupiga pedali, mkanda unazungusha jiwe. Kwa hiyo baiskeli ile ni miguu yake na ni kiwanda chake. Madereva wa mjini walimbandika jina Dereva, na hawakuwa wanamsifu.

Sasa, Jumanne moja ya Machi, mvua imetoka kunyesha, mama mmoja aitwaye Wachuka, muuza mboga wa kutoka Kabazi, alikuwa anangoja kuvuka na gunia la kabeji mgongoni. Makokha akapunguza mwendo, akasimama, akaweka mguu chini. Nyuma yake alikuwa Ndung'u, anayesambaza mayai madukani kwa gari lake la Probox. Huyo hakusimama. Makokha aliangukia mtaroni, bega likateguka, na gurudumu la nyuma likakunjika kabisa. Mama Wachuka alivuka salama na kabeji zake.

Ndung'u si mtu mbaya, nisimsingizie. Alimpeleka Makokha hospitali mwenyewe na kumwambia pole njia nzima. Lakini walipofika kituo cha polisi alisema kile alichokiamini kwa roho safi.

"Afande, mimi nilijua atapita. Baiskeli gani husimama kwa zebra?"

Ala! Konstebo Jerotich aliyekuwa akiandika aliinua kalamu, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Na wote waliokuwa kwenye benchi, waliokuja kwa shida zao zingine, nao wakakubali. Kweli, baiskeli gani? Mtu amefuata sheria miaka ishirini na miwili, halafu kuifuata kwake ndiko kunakuwa ushahidi dhidi yake.

Baiskeli ikazuiliwa kituoni mpaka kesi iishe. Wiki ya kwanza Makokha alikwenda kila siku, kwa miguu, kutoka Kaptembwa mpaka mjini, bega limefungwa kitambaa. Akaambiwa kesho. Wiki ya pili akaambiwa Jumatatu. Wiki ya tatu alisikia kuna mtu wa mashine ya umeme ya kunolea anayezunguka kwenye bucha za wateja wake, na mkewe, Nakhumicha, aliyekuwa anafulia watu nguo ili wale, akaanza kukohoa kwa sababu ya maji baridi. Subira huvuta heri, ndiyo, lakini subira haipiki ugali. Bila baiskeli ile, mwezi mmoja zaidi na Makokha hatakuwa na mteja hata mmoja.

Tumaini lake lote lilibaki kwa Mama Wachuka. Alipoitwa kuandika taarifa, Makokha alivaa shati la kanisani. Mama akaketi, akaeleza ukweli mtupu: mzee huyu alisimama, mimi nikavuka, gari likamgonga. Makokha alitamani kumkumbatia. Kisha Jerotich akamuuliza kama yeye mwenyewe alitarajia baiskeli isimame.

Mama alifikiri kidogo. "Hapana, afande. Mimi nilikuwa nangoja apite. Hata nilishtuka."

Makokha hakumkasirikia. Nguvu za kukasirika zilikuwa zimekwisha.

Ikatolewa karatasi. Ndung'u atatengeneza gurudumu, kesi ifungwe, baiskeli iende nyumbani leo hii. Kilichotakiwa ni Makokha atie sahihi kwamba alisimama ghafla, pasipo sababu, akamkanganya dereva. Jerotich alimsomea polepole. Akamweleza kwamba anaweza kukataa, ni haki yake, aende kortini, ila kesi itasogezwa na kusogezwa, na baiskeli itangoja hapo nje. Makokha akatazama dirishani. Jiwe lake lilikuwa limeloa mvua na majani yalikuwa yameota katikati ya spoki. Mimi ningeirarua karatasi ile, Mungu nisamehe. Lakini mimi sikuwa na mke anayekohoa. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Makokha akashika kalamu, akatia sahihi.

Jerotich akaikunja karatasi. "Mzee, nakushauri kama baba yangu. Barabarani fanya kama wenzako. Utaishi."

Nyumbani Nakhumicha alipoiona baiskeli alishukuru Mungu kwa sauti. Akauliza, "Baba Nanyama, na makosa wamesema ni ya nani?"

"Yangu," akasema, akaingia ndani kulala na viatu.

Alhamisi, gurudumu limekwisha kutengenezwa, alirudi kazini. Asubuhi hiyo alikuwa anateremka kuelekea sokoni, na lori la viazi la kutoka Molo liko nyuma yake, karibu, analisikia likipumua. Mbele kwenye zebra amesimama msichana mjamzito, mkono mmoja kiunoni. Vidole vya Makokha vikaenda kwenye breki vyenyewe. Bega likamuuma. Akalifikiria lori, akamfikiria Nakhumicha, akaziachia breki.

Akapita. Lori likapita.

Alipogeuka, msichana alikuwa angali pale pale, anatazama upande ule mwingine kama kuna nafasi. Hakumtukana, hakumtazama hata kidogo. Hakuwa amemtarajia asimame. Makokha alipiga pedali mpaka bucha ya kwanza, akasimamisha baiskeli, na mwenye bucha akamuuliza kama maji ya usoni ni mvua au ni machozi. Akajibu kwamba ni mvua, na jua lilikuwa linawaka.