Tisa Hadi Tano

Mtaa mzima ulimwita Popo, kwa kuwa miaka kumi na minane alilinda maghala usiku na kulala wenzake wakiwa kazini. Jina halikumsumbua, hata mkewe alilitumia akitaka kumchokoza. Kilichomuuma ni kimoja tu: chakula cha jioni. Kila siku saa kumi na mbili alishika tochi akatoka. Mkewe na binti zake wawili walikula bila yeye, na sahani yake ikafunikwa kwa bakuli mpaka asubuhi.

Ndipo akapata kazi ya kutunza stoo katika kiwanda cha magodoro. Majirani wakamcheka, eti mtu asiyelala usiku kapewa magodoro. Naye alicheka nao, hadi alipofika mstari wa mwisho wa barua ya ajira: saa za kazi, 9 hadi 5.

"Saa tisa alasiri mpaka saa tano usiku," akamsomea mkewe, akaikunja barua.

"Si afadhali? Angalau utalala kitandani kwako."

"Mtakuwa mmeshakula, mama watoto."

Siku ya kwanza alipiga shati pasi mara mbili, akafika saa tisa kasorobo, akijisifu moyoni kwa kuwahi. Msimamizi wa stoo, mama mmoja mwenye kalamu sikioni, akamtazama kuanzia viatu.

"Nimekusubiri tangu asubuhi. Hapa naandika barua ya kumwita mwingine."

"Samahani, bosi, lakini mimi nimewahi." Akatoa barua yake mfukoni. "Hii hapa. Tisa."

Msimamizi akaisoma, akaisoma tena, kisha akajiangusha juu ya magodoro akicheka mpaka kalamu ikamtoka. "Baba, hiyo ni tisa ya kwenye uso wa saa. Asubuhi, mshale mfupi ukiwa kwenye tisa, wewe unasema saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na jioni, ukiwa kwenye tano?"

Popo akahesabu kwa vidole. "Saa kumi na moja." Akairudia polepole, kama mtu aliyeokota kitu akaogopa mwenyewe asije akatokea. "Kila siku?"

"Kila siku. Tisa hadi tano ndiyo kazi ya mchana, ya kawaida tu. Barua ya mwenzako nitaichana, ila kesho ukija alasiri tutakosana."

Alihesabu magodoro kwa saa mbili, akakosea mara tatu kwa furaha. Kengele ilipolia msimamizi akafunga stoo, na Popo akabaki getini, jua bado linamwakia usoni, hajui mtu huifanyia nini jioni.

Nyumbani binti mdogo ndiye aliyemwona kwanza. "Baba, wamekufukuza?"

"Wameniachia," alijibu.

Saa moja mkewe akapakua sahani nne. Mkono wake, kwa mazoea, ukachukua bakuli ukaifunika ya mumewe. Binti wakaangua kicheko. Popo alikuwa ameketi papo hapo mbele yake, ameshanawa.

"Usifunike," alisema. "Mwenyewe nipo."