Mjomba Aliijua Sauti Yangu

Nichekeni tu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, lakini wanaume niliowapenda walikuwa wa kupotea, nami nikawangoja huku nikiwatungia visingizio. Kwa Shabani, mchumba wangu wa sasa, nikaapa: akinyamaza tu, namwacha.

Akapanda Mgeta, milimani wanakolima kabichi, kusalimia kwao, akanyamaza wiki nzima. Kweli aliniaga kwamba huko mtandao ni shida, ila hadithi za mtandao nimezisikia sana. Nikajipongeza kwa ujanja wangu, nikamtumia ujumbe wa sauti: "Baki hukohuko na kabichi zako! Nimechoka kupenda watu wasiopatikana!"

Jumapili nikasikia hodi. Shabani alisimama mlangoni, kainama, pamoja na mzee aliyebeba kiroba.

"Huyu ndiye mjomba," akasema. "Nilikwenda kumbembeleza ashuke mjini akuone."

Kwao Waluguru, mjomba asiporidhia, hakuna ndoa.

"Shikamoo, mjomba," nikapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako naijua. Tulipopata mtandao njiani, simu ya Shabani nilikuwa nimeishika mimi." Akanikabidhi kiroba. "Haya, kabichi zenyewe hizi. Tupikie, tumepatikana."