Nilimzika Mama kwa Kijapani

Nimekosa, jamani! Nimekosa na sina wa kumlaumu. Msinionee huruma, nisikilizeni tu.

Mimi ni binti wa kutoka Kabras, mama yangu ni mkulima wa miwa. Mwaka jana nilikuwa nasoma Kijapani hapa Kakamega mjini, kwa mwalimu mmoja kutoka Japani, mama mpole kweli. Tulimwita Sensei, yaani mwalimu. Kukatokea mashindano ya hotuba za Kijapani, Nairobi. Mshindi angepelekwa Japani akaone utamaduni wao.

Hotuba yangu ilikuwa juu ya mama, lakini ilipoa. Mama mzima, anapalilia miwa, nani atalia? Basi nikamuua. Nikasema alikata roho akinishika mkono, akiniusia nisome lugha za watu. Ukumbi mzima ulilia, na Sensei pia! Nikashinda. Nikaenda, nikavishwa kimono, nikapiga picha nikicheka.

Niliporudi, Sensei alikuwa karibu kumaliza kazi yake Kenya. Bila kuniambia, akaenda Kabras na maua na ubani, aage kaburi la mama yangu.

Ole wangu! Alimkuta mama uani anapukuchua mahindi. Akamuuliza kwa Kiswahili chake cha polepole kaburi liko wapi.

Mama ndiye aliyenipigia simu: "Kuja nyumbani. Kuna mgeni wa mazishi yangu."

Nilipofika, maua yalikuwa mezani. Mama alikuwa amemchinjia mgeni kuku, ingokho yetu, akamsongea na ugali wa obusuma, heshima yote. Sensei aliponiona alisimama, akamwinamia mama mpaka chini, akamwomba msamaha kwa niaba yangu. Mimi mwenye kosa nikabaki mlangoni kama gogo!

Mama hakunipiga. Heri angenipiga! Aliniuliza tu, "Nilikukosea nini, hata ukanizika?"

Kwetu kumtangaza mzazi aliye hai kuwa maiti ni kumwitia kifo. Siku hizi mama akiumwa hata kichwa, majirani wananiangalia mimi.

Sensei amerudi kwao. Darasani sikanyagi tena, nasikia aibu.

Wenzangu mnaotafuta safari za ng'ambo, wageni wale wanataka kutujua tulivyo. Waambieni ukweli. Mama wa kupalilia miwa alitosha kabisa, ila mimi niliona haya. Msiuze mzazi kwa makofi ya watu!

Jana nilimpigia mama tena. Siku nyingi hakuwa akipokea, jana akapokea.

"Mama, nisamehe."

Nikasikia kuku wake wakilia uani. Kisha akasema polepole, "Waliokufa hawashikangi simu, mwanangu." Akakata.