Bati la Kwanza la Mikayi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Suna mwanzoni mwa miaka ya tisini, kontrakta hakunipa nyundo. Alinipa kalamu. "Zunguka nyumba uandike kila ufa," akaniambia. "Fundi anayebomoa kabla ya kuandika humlaza mwenye nyumba nje." Ndivyo tulivyofunzwa ukarabati: unaandika, unapanga nani atahamia chumba gani, ndipo unagusa ukuta. Siku hizi vijana mnaanza na nyundo.

Mimi na Odhiambo tuliajiriwa siku ileile. Sitaficha, nilimwonea wivu tangu asubuhi ile. Mimi niliandika nyufa kumi na tatu. Yeye aliandika saba, na chini yake akaongeza kwamba mama wa nyumba ana mguu mbaya, kwa hivyo jiko lihamishiwe karibu na mlango. Kontrakta akasoma karatasi yake kwa sauti. Yangu aliikunja akatia mfukoni.

Kwa timazi, ile kamba yenye uzito inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, sikuwa na mpinzani. Kuta za Odhiambo zilipinda kidogo, nami nilizipima kisirisiri nikafurahi. Lakini wenye nyumba walimwita yeye kwa jina. Mimi waliniita "yule mwingine".

Baadaye tulitumwa karibu na Asumbi, kwa karani mstaafu mwenye wake wawili. "Wewe utaongoza," kontrakta akaniambia. "Ukimaliza vizuri, usimamizi wa Mbita ni wako." Usiku nilijiona Mbita, na Odhiambo akinipokea ngazi.

Paa la mke mdogo lilikuwa linavuja vibaya, nikapanga tuanzie huko. Odhiambo akanivuta kando.

"Omera, ndugu yangu, mikayi kwanza. Mke mkubwa hawezi kurukwa."

"Hiyo ni mila ya kujenga," nikamjibu. "Sisi tunarekebisha tu."

Nilijua anasema kweli. Mama yangu mwenyewe alikuwa mikayi. Lakini kukubali mbele ya vibarua kwamba yeye ndiye aliyeona? Afadhali ningemeza msumari.

Mwenye boma alikuwa ameenda Homa Bay kuleta mabati yaliyobaki. Tulipokwisha kuezua paa lote la mke mdogo, mikayi alitoka na kigoda chake akakiweka katikati ya boma, mbele ya ngazi yetu.

"Mafundi," akasema, "nani amewaambia mimi nimekufa?"

Vibarua wakashuka mmoja mmoja. Hakuna aliyekubali kupigilia hata msumari. Mawingu yalikuwa yakija kutoka ziwani, na vitanda vya mke mdogo vilikuwa wazi. Nilisimama pale na karatasi yangu ya mpango.

Odhiambo alibeba bati moja jipya kichwani mpaka mbele ya kigoda, akapiga goti. "Mama, tumekosa. Tuanze kwako." Akapanda kwenye nyumba ya mikayi, akatoa bati moja bovu, akapigilia lile jipya. Mikayi alilitazama, akabeba kigoda chake. "Haya. Mfunikieni huyo mwenzangu, mvua inakuja."

Kontrakta alipouliza, Odhiambo alijibu, "Tulipanga pamoja." Angenisema, ningepata sababu ya kumchukia kwa amani. Lakini mikayi alikuwa amemsimulia mwenye boma, naye alikuwa ameshamweleza kontrakta yote. Mbita ikaenda kwa Odhiambo.

Nilifanya kazi chini yake mpaka nilipostaafu. Sasa nyumba yangu mwenyewe hapa Suna inavuja. Mke wangu aliposema tumwite Odhiambo, nilichukua ngazi nikapanda mwenyewe, na magoti yangu haya. Juu kule ngazi ikaanza kuyumba. Nikafumba macho. Kisha ikatulia. Kumbe mke wangu alikuwa amemwita: nilipotazama chini, Odhiambo alikuwa ameishika kwa mikono miwili, kichwa chote mvi, wala hakuuliza kwa nini sikumwita.

Nikapigilia bati langu. Lilinyooka vizuri kuliko lake lolote, lakini ngazi alikuwa ameishika yeye, na wivu ulinichoma vilevile.