Namba ya Bukuru

Msiniambie nina roho mbaya, najijua. Lakini habari za Bukuru Niyomugabo nitazisimulia mimi, kwa sababu wenzangu wote pale ofisini sasa wanajifanya hawakumjua.

Bukuru alizaliwa Lukole, kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kambi ilipofungwa wazazi wake wakabaki, wakapata shamba la migomba na maharage huko Mugoma. Akasoma, akapata diploma ya kompyuta, akaja kwetu Nyamiaga kujitolea kwenye ofisi ya umoja wa shule binafsi, inayotunga mitihani ya majaribio. Miaka minne, jamani! Miaka minne anatengeneza mashine zetu bila barua ya ajira. Mchana alikuwa akila kwangu. Aliniita Mama Ineza, na shikamoo yake haikukosa hata siku moja.

Mwaka juzi mtihani ukavuja. Mkuu wetu wa mitihani, Mzee Fideli, akamwambia mbele yetu, "Kijana, ziba hilo tundu. Ukiliziba, barua yako ya ajira nakuandikia mwenyewe."

Bukuru akaiona aibu yetu. Sava ya printa, yaani ile kompyuta inayopokea kazi zote za kuchapa, ilikuwa wazi kama soko. Yeyote aliyepata waifai yetu, hata mnywa chai wa mgahawa wa jirani, angeweza kuingia na kuchukua mtihani. Neno la siri lilikuwa lile lile la kiwandani. Akaitenga sava kwenye mtandao wake peke yake, akafunga njia zote zisizo na kazi, akampa kila mtu namba ya siri. Na kila kilichochapwa kiliandikwa humo: jina, siku, saa, nakala ngapi. Kisha akabandika kanuni ukutani, akaisaini mwenyewe: atakayempa mwingine namba yake atabeba makosa ya huyo mwingine.

Tulimchukia. Tulizoea kuprinti pale kadi za harusi, ratiba za misiba na kazi za shule za watoto wetu. "Huyu wa Lukole anatufungia mlango wa kwetu," alisema Danstan wa stoo. Tulicheka sana, na mimi nilicheka.

Aliyeshindwa kabisa ni Mzee Fideli. Ukikosea namba mara tatu, sava inakufungia. Siku moja ikamfungia mbele ya wageni, akafoka, "Mimi nisubiri mashine initambue? Mimi?" Bukuru akaona haya kwa niaba yake, akamnong'oneza namba yake yeye Bukuru. Ilikuwa mwaka aliozaliwa. Nilikuwa pale, na faili langu mkononi.

Baadaye nikamwuliza, "Mwanangu, na ile kanuni yako ukutani?"

"Mama Ineza, mzee ameniitikia marahaba asubuhi, mchana nimwambie simwamini?"

Adabu ndiyo iliyommaliza, maskini.

Mwanangu Ineza alikuwa anaolewa, na mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa Mzee Fideli. Jumamosi moja akaniita ofisini tuchape kadi. Bukuru alikuwa kwao Mugoma, anavuna maharage na mama yake. Mzee akabonyeza namba ya Bukuru, zikatoka kadi mia moja na ishirini. Kisha akaniambia, "Tangulia, nina kijikazi hapa." Nikatangulia. Nikiwa mlangoni nikasikia printa inaanza tena.

Wiki iliyofuata mtihani wa hisabati ulikuwa mikononi mwa watoto kabla ya siku yake. Kikao kikaitwa. Mwenyekiti wa bodi akasoma kumbukumbu za sava: Niyomugabo, Jumamosi, saa nane mchana, kadi za harusi ya Ineza. Niyomugabo, saa nane na robo, mtihani wa hisabati, nakala arobaini.

Bukuru akasimama. "Nilikuwa Mugoma. Namba yangu anayo Mzee Fideli."

"Mimi?" Mzee akacheka. "Mimi mashine hiyo hata kuiwasha siwezi!" Watu wakacheka naye, maana wote walimwona siku ile akifungiwa.

Bukuru akanigeukia, uso umemchangamka. "Kadi ni za Mama Ineza. Mwulizeni yeye nani alimchapia."

Neno moja tu lingemwokoa. Nikamtazama Mzee Fideli, naye anatazama kucha zake. Harusi ilibaki wiki mbili, na mimi kustaafu mwaka mmoja. Niliogopa, basi.

"Bukuru," nikasema. "Alinichapia Bukuru."

"Mawe!" Alisema hivyo tu, kwa Kirundi chao, yaani "mama yangu", polepole, akakaa.

Wakamfukuza, na jina lake wakalipeleka shule zote za umoja asiajiriwe popote. Danstan akasema fundi kajifungia mwenyewe. Safari hii sikucheka, lakini nilitabasamu.

Wanasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga, na haki yake hatukumpa. Yale maharage aliyokwenda kuvuna Jumamosi ile yalikuwa mchango wake wa harusi ya Ineza. Mama yake aliyaleta, debe zima, kwa kuwa walishaahidi. Aliliweka jikoni, akakataa hata maji, akaondoka kwa miguu. Tukayapika, yakaliwa yakaisha.

Kabla ya kuondoka Bukuru alikabidhi kazi vizuri, na namba yake akaifuta. Ndiyo maana Jumatatu baada ya harusi Mzee Fideli aliingia masjala kwangu, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Ineza, ile namba imekufa. Hebu nipe ya kwako."

Kanuni bado ilikuwa ukutani, nyuma ya bega lake, na sahihi ya Bukuru chini. Niliisoma yote, hadi mwisho.

Kisha nikamtajia namba yangu, tarakimu moja moja, naye akaiandika kiganjani.